Kilichonyamaza, Chomoa

Godoro lilikuwa limeshapanda garini, limesimamishwa wima nyuma ya kichwa cha dereva kama mgonjwa anayepelekwa asikotaka. Kitanda kilifuata, kimefunguliwa vipande. Ikaja meza, yakaja masanduku ya nguo, likaja kabati dogo la vyombo ambalo mlango wake ulijifungua kila hatua na kuwapiga wabebaji viwiko. Nyumba ikihamwa, hutoka kwanza vitu visivyojua kubisha. Wenye ubishi hubaki mwisho.

Aliyebaki mwisho hapa ni Bi Mkasi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kushonea katikati ya chumba cha mbele, mikono mapajani, nyayo zimekanyaga sakafu sawasawa kama mtu anayezuia nyumba isipeperuke. Hakusaidia kubeba hata kijiko. Hakukataza pia. Kila kitu kilipopita mbele yake alikitazama tu mpaka kikatoka, na wabebaji, yaani mdogo wake wa kiume na dereva wa pikapu ya kukodi, wakajikuta wanapita wameinamisha macho kana kwamba wanaiba.

Jina la Bi Mkasi alipewa na mtaa. Alishona sare za shule za mtaa mzima tangu wazazi wa leo walipokuwa wao ndio wanafunzi, na ulimi wake nao ulikata kitambaa bila kwanza kuchora kwa chaki. Siku hizi macho yalikuwa hayalioni vizuri tundu la sindano, na vidole vilikuwa na mtetemo, kwa hiyo alibaki na kazi za pindo na vifungo. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Chumba kile cha mbele, chenye mlango unaofungukia barabarani, kilijaa watu kila asubuhi, maana mwenye nyumba alikuwa na mashine ya kahawa.

Mashine aliletewa na mwanawe wa pekee, baharia wa meli za mizigo, likizo moja aliyokuja na mzigo mkubwa kuliko muda. Ilikuwa nyeusi, ya umeme, tangi la maji mgongoni, vitufe viwili usoni na taa ndogo chini ya vitufe. Unatia maji, unatia kahawa, unabonyeza, inanguruma kama paka aliyeshiba, unakunywa. Aliyeleta suruali ikatwe alikunywa akingoja suruali. Kinyozi wa mlango wa pili alikunywa bila kuleta suruali.

Na ile taa ndogo ndiyo iliyoleta gari mlangoni.

Maji ya mtaa ule yalikuwa na chokaa. Kila birika la mtaani, ukichungulia ndani, lilikuwa jeupe kama ukuta wa zahanati. Mashine nayo ilikuwa na hesabu zake. Ikifika mahali inawasha taa nyekundu, maana yake: nimejaa chokaa, nisafishe. Taa ikawaka. Bi Mkasi akanunua dawa ya unga ya kutoa chokaa, akaikoroga kwenye tangi, akabonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja kama alivyoonyeshwa na mwanawe, mashine ikanguruma na kutema maji ya rangi ya maziwa. Ilipomaliza akasuuza tangi, akawasha tena. Taa nyekundu. Akarudia kwa siki. Taa nyekundu. Akarudia kwa ndimu mpaka chumba kikanuka kama duka la achari. Taa ilimkodolea tu, nyekundu kama jicho la mlevi.

Kitabu cha maelezo kingesaidia pengine, ila kiliandikwa kwa lugha nane na ya kwao haikuwemo, na karatasi yake ilikuwa ngumu na nzuri. Bi Mkasi alikwisha kuikata zamani ikawa ruwaza ya kola.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Kinyozi alisema, "Mashine yako haikulala jana, mama. Iulize ilikuwa wapi." Kisha akapita mdogo wake Bi Mkasi, fundi umeme, ambaye mtaa ulimwita Fyuzi kwa sababu alikuwa mwepesi wa kukatika. Akaikazia macho ile taa.

"Dada, hii hujaisafisha?"

"Nimeisafisha."

"Lini?"

"Juzi. Na kabla ya juzi."

"Mbona taa inawaka?"

"Iulize yenyewe. Si nyinyi ndio mnaojuana na umeme."

Fyuzi hakucheka. Alimtazama dada yake kwa namna fulani, polepole, na Bi Mkasi akaijua namna ile, kwa kuwa ndivyo yeye mwenyewe alivyomtazama mama yao siku mama alipotia chumvi kwenye chai mara ya pili.

Baada ya hapo likaja la kuanguka bafuni. Sakafu ilikuwa na sabuni, mguu ukateleza, akaanguka, akainuka, akaendelea kuoga. Lakini alikosea akamsimulia wifi yake, na wifi akamsimulia mumewe, ambaye ndiye Fyuzi, na Fyuzi akaitisha kikao cha familia. Baharia alihudhuria kwa simu, sauti yake ikija na kukatika kama inapanda mawimbi.

"Kuanguka mtu yeyote anaanguka," Fyuzi alisema kwenye kikao. "Mimi sisemi kuanguka. Nasema kichwa. Dada anasema amesafisha, mashine inasema hajasafisha. Sasa jamani, mashine ina sababu gani ya kusema uongo? Leo ni mashine, kesho ni jiko la gesi."

Bi Mkasi alisema, "Nimeisafisha." Akasema tena. Alipolisema mara ya tatu alisikia kwa masikio yake mwenyewe linavyolia: kama maneno ya mtu asiyekumbuka kwamba ameshasema.

Kwenye simu baharia alisema, "Mama, msikilize mjomba."

Ikaamuliwa ahamie kwa Fyuzi, upande wa pili wa mji. Chumba cha uani, kizuri, kina feni na dirisha. Hakina mlango wa barabarani.

Na kibaya kuliko uamuzi wenyewe ni kwamba Bi Mkasi alianza kujishuku. Alijikuta anainama kuinusa mashine ahakikishe kama harufu ya siki imo. Ilikuwemo. Lakini mtu akishafika mahali pa kuitafuta akili yake kwa pua, hata akiipata haimpi raha.

Basi ndiyo asubuhi hii. Dereva aliingia tena, akapangusa jasho, akatazama alichobakiza: cherehani ya chuma ambayo ilihitaji watu wawili, na mashine ya kahawa juu ya kizingiti cha dirisha, ilikohamishiwa meza ilipoondolewa.

"Na hii, fundi?"

"Hiyo weka pembeni," alisema Fyuzi. "Nitampa mnunuzi wa vyuma chakavu."

"Hiyo usiiguse," alisema Bi Mkasi. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu gari lije, na dereva akarudisha mkono kama aliyegusa pasi.

"Dada, mashine imekufa hiyo."

"Imekufa na ukiichomeka taa inawaka? Maiti gani hiyo inakonyeza watu?"

Wifi alikuwa amechuchumaa chini anafunga vikombe kwa magazeti. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiye na tabia ya kuchokoza, na alisema alilosema kwa nia njema kabisa, ili kumfariji.

"Achana nayo, wifi. Hata sisi nyumbani ilitushinda."

Gazeti liliacha kuchakarika. Fyuzi aligeukia dirishani akaanza kuangalia kamba za mzigo kwa bidii.

"Iliwashinda lini?" aliuliza Bi Mkasi.

"Si ile siku aliyoichukua? Aliisafisha mara mbili. Akanimalizia siki yangu yote ya kachumbari. Taa ikagoma." Wifi alitazama mumewe, akatazama wifi yake. "Kwani hakukwambia?"

Fyuzi aliichukua mashine kweli, kabla ya kikao, akisema anakwenda kuifungua aitazame. Aliirudisha kesho yake akasema hakupata nafasi.

Bi Mkasi alisimama. Hakusimama haraka, magoti yalikuwa na utaratibu wao, lakini alisimama mpaka mwisho.

"Wewe," alisema, "uliisafisha."

"Niliijaribu kidogo tu."

"Mara mbili."

"Dada, ile ni valvu. Ndani kuna kivalvu, kikiziba..."

"Kwa hiyo ikikataa kwako ni valvu. Ikikataa kwangu ni kichwa."

Dereva alikohoa akajifanya anakagua dari.

"Ulikaa kwenye kikao," Bi Mkasi aliendelea, na sauti haikupanda, "mbele ya mkeo, mbele ya mwanangu aliyeko baharini asiyeona chochote, ukauliza mashine ina sababu gani ya kusema uongo. Na wewe ulikuwa unajua imekudanganya na wewe. Haya, nawe umesahau kusafisha. Tukupeleke wapi? Kuna chumba cha uani mahali?"

Wifi akaficha uso kwenye gazeti, na gazeti likatikisika.

"Sikutaka kukutia wasiwasi," alisema Fyuzi. "Ulianguka, Dada. Mimi nilitaka uje tukae wote. Nilitafuta tu neno la kukufanya ukubali."

"Ulilipata. Sasa sikiliza langu. Hiyo mashine tunaisafisha hapa hapa, sasa hivi, macho yote yakiona. Taa ikizimika, kitanda changu kinashuka. Isipozimika nitapanda gari kwa miguu yangu, na sitasema kitu mpaka tufike."

"Na ukifika?"

"Nikifika hutaweza kuninyamazisha."

Dereva akasema ana mzigo mwingine unamngoja. Bi Mkasi akamwambia, "Baba, kaa kwenye hilo sanduku. Hakuna atakayeondoka hapa bila kahawa, na kahawa hakuna mpaka nimalize." Dereva akakaa. Katika maisha yake alihamisha watu wengi, wanaolia na wanaokimbia deni. Huyu wa kumwamrisha akae juu ya mzigo alikuwa wa kwanza.

Dawa ya unga ilikuwa imebaki kidogo kwenye mfuko wa vifungo. Bi Mkasi aliikoroga tangini, akachomeka plagi kwenye soketi iliyo chini ya dirisha. Tatizo likawa beseni. Siku zote beseni lilikaa mezani chini ya mdomo wa mashine, yeye akasimama pembeni. Leo meza ilikuwa garini, na kizingiti cha dirisha kilikuwa chembamba, mashine yenyewe imekalia ukingo. Ikabidi ashike beseni kwa mikono yote miwili, hewani, kama anayepokea sadaka. Akamwambia wifi abonyeze vitufe.

Mashine ikanguruma. Maji meupe yakachuruzika, ya moto, yananuka ukali. Fyuzi alikuwa amesimama karibu na ukuta akimweleza dereva habari za valvu, zilivyo na chemchemi ndani, zinavyochoka, na kwamba hata mhandisi angeletwa hapa angesema valvu. Dereva aliitikia kwa adabu ya mtu asiye na njia ya kutoka.

Kisha mashine ikanyamaza.

Na Bi Mkasi, beseni mikononi, akaona kitu. Aliona mkono wa mdogo wake ukishuka. Mwenyewe alikuwa anaendelea kusema na dereva, uso umeelekea kwa dereva, hata hakutazama chini. Mkono ulishuka peke yake, ukapapasa ukuta, ukaikuta plagi, ukaichomoa.

"Kwa nini umechomoa?"

"Nimechomoa nini?" alisema Fyuzi. Akatazama mkono wake, na plagi ilikuwemo, na alivyoishangaa ungedhani kuna mtu amempa aishike.

"Imemaliza," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Si imenyamaza."

Wifi na dereva hawakuelewa kilichopita, lakini ndugu wawili wale walikuwa wamesikia sauti ya mtu wa tatu, aliyekufa zamani.

Baba yao alikuwa dobi. Alikuwa na duka la kupiga pasi, pasi za umeme, na siku moja umeme ulikatika mchana, pasi zikapoa, duka likawa kimya, yeye akaenda kupata chakula. Umeme uliporudi haukumngoja ashibe. Aliporudi alikuta moto umekula duka pamoja na suti ya bwana harusi wa mtu. Tangu siku hiyo nyumba yao ilikuwa na sheria moja: kilichonyamaza, chomoa. Redio ikinyamaza, chomoa. Feni ikisimama, chomoa. Kabla ya kulala watoto walipitishwa nyumba nzima wanagusa soketi moja moja, na iliyokutwa na waya ilikuwa na fimbo yake. Mwingine angekua akaisahau sheria ile. Mmoja wao alikua akawa fundi umeme, na mwingine alikaa miaka na pasi na cherehani ya mota ubavuni. Sheria ilihama kichwani ikaenda kukaa mikononi, na mikono haijui kusahau.

Bi Mkasi aliweka beseni chini. Alikumbuka mara zote alizoisafisha mashine ile, kwa dawa, kwa siki, kwa ndimu. Alijaribu kuona mkono wake ulikuwa wapi kila iliponyamaza, na hakuhitaji kujaribu sana. Hata leo, alipokuwa ameshika beseni, vidole vyake vilikuwa vinamwasha.

"Pale haikuwa imemaliza," alisema taratibu. "Ilikuwa inangoja. Hata mimi nguo yenye doa nailoweka kwanza, ndipo naisugua. Sisi tumekuwa tunaitoa kwenye maji kabla haijaloa. Wewe kwako, mimi kwangu."

"Hilo ni wazo tu."

"Ndiyo. Chomeka."

Dereva, ambaye baba yake hakuwa dobi, alisema kutoka kwenye sanduku, "Gari langu nalo hunyamaza kwenye mteremko. Ningekuwa nachomoa kila mara, si ningekuwa bado niko bondeni."

"Mgeni njoo mwenyeji apone," alisema Wifi.

Safari hii Bi Mkasi aligawa kazi upya. Alikung'uta mfuko wa dawa mpaka unga wa mwisho, akaongeza ndimu moja iliyonyauka. "Wewe," alimwambia mdogo wake, "shika beseni. Mikono miwili. Wifi, kaa mbele ya soketi, uiegemee kwa mgongo, na akija mtu, awe yeye au niwe mimi, mpige teke."

"Hata wewe, wifi?"

"Mimi hasa."

Mwenyewe alirudi kwenye kiti chake cha kushonea, akaisukuma mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Wifi alibonyeza vitufe kwa kunyoosha mkono juu ya kichwa, kisha akakaa sakafuni, mgongo mpana ukifunika soketi yote na sehemu ya ukuta. Mashine ikanguruma. Maji meupe yakachuruzika. Fyuzi alishika beseni na mvuke ukampanda usoni.

Ikanyamaza.

Aliyewahi kulelewa na moto ndiye anayejua kimya kilivyo. Mtaa ulisikika nje, mtu anafagia, mlango wa kinyozi unafunguliwa. Mashine ilikaa pale bila pumzi, taa yake imezimika kabisa, hata ule wekundu haukuwepo, na ungeapa imekufa. Jasho lilimteremka Fyuzi shingoni.

"Dada, tuichomoe."

"Hapana."

"Nyaya zinaweza kupata moto ndani kwa ndani, hutaona mpaka..."

"Unaona moshi?"

"Hata Baba hakuona moshi."

Hilo lilimfika. Bi Mkasi alikuwa mtoto wakati ule, alibebwa mgongoni akapelekwa kuona mabaki, na mpaka leo alikuwa anakumbuka vyuma vya pasi vimekaa kwenye majivu kwa mstari kama viatu mlangoni. Mikono iligeuka chini ya mapaja yake kama samaki. Akaikalia kwa uzito zaidi.

Kinyozi alichungulia mlangoni na kikombe chake mkononi, akaona chumba kitupu, mzee amekalia mikono, mwanamke ameegemea ukuta, fundi umeme ameshika beseni, dereva amekaa kwenye sanduku kama yuko msibani. Akabaki kizingitini.

"Imekufa," alisema Fyuzi. "Umeiua. Sasa hivi imenyamaza kabisa, imekwisha, tukubali yaishe."

"Mimi leo tangu asubuhi nimenyamaza," alisema Bi Mkasi. "Mmebeba godoro, nimenyamaza. Mmebeba meza niliyokatia nguo yako ya harusi, nimenyamaza. Ulidhani nimekwisha?"

Fyuzi alifungua kinywa, na alichotaka kukisema hakikujulikana kamwe, kwa sababu mashine ilikohoa. Ilikohoa mara moja, kama mzee anayetaka kuongea kikaoni, kisha ikanguruma yenyewe, bila kuguswa na mtu, na kutema maji mazito yenye vipande vyeupe kama maganda ya yai. Yalimrukia Fyuzi kwenye shati. Hakuliachia beseni.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema Wifi kutoka sakafuni, na akaanza kucheka, na mgongo wake ukaugonga ukuta kila alipocheka.

Ikanyamaza tena, ikaendelea tena. Hakuna aliyesogea. Tangi lilipoisha, taa nyekundu ikarudi, lakini safari hii inapepesa, na moyo wa Bi Mkasi ukashuka mpaka kinyozi aliposema, "Labda ina kiu." Wakajaza tangi maji safi mpaka juu, wakabonyeza, wakayaacha yapite yote hadi tone la mwisho. Hata hapo Fyuzi alimuuliza mkewe kama plagi bado imechomekwa, mkewe akamwambia aende akaulize kwa Baba.

Tone la mwisho lilidondoka. Taa ikapepesa mara kadhaa. Ikazimika, na mahali pake ikawaka ya kijani, ambayo Bi Mkasi hakuwa ameiona tangu mwanawe apande meli.

Hakushangilia. Alitoa mikono chini ya mapaja, imekufa ganzi, akaikunjua taratibu.

"Shusha kitanda," alisema.

"Dada. Hiyo ni mashine tu." Fyuzi aliweka beseni chini. Shati lake lilikuwa limelowa, na sauti nayo ilikuwa imelowa kidogo. "Na bafuni je? Siku ukianguka usiinuke?"

"Bafuni nimeanguka mara moja. Wewe kwenye ngazi zako umeanguka mara ngapi? Mguu ukawekwa plasta, mkono ukawekwa plasta, nani alikuletea gari? Tulikuletea uji. Mimi niletee mkeka wa mpira na chuma cha kushikilia ukutani. Wewe ni fundi, una drili. Hilo ni jambo la kuja kwangu na drili, si jambo la kuja na pikapu."

"Ninakuogopea."

"Niogopee nikiwa hapa."

Alimtaka ampigie mwanawe, simu ikapokelewa na upepo wa baharini. "Mwanangu, taa imezimika. Nilikuwa naisafisha kweli."

"Taa gani, Mama?" alisema baharia.

Bi Mkasi alimtazama mdogo wake. "Na huyu naye tumpeleke wapi," alisema, akakata simu.

Walishusha kitanda, godoro, meza, masanduku. Kabati dogo lilimpiga Fyuzi kiwiko pale pale lilipompiga wakati wa kutoka. Kahawa ya kwanza alipewa dereva, kwa kuwa ndiye aliyecheleweshwa, na kinyozi akapewa ya pili kwa kuwa tayari alikuwa na kikombe.

Dereva alipoteza ule mzigo mwingine. Baadaye alikuwa akipita mtaa ule bila mzigo, anaegesha, anakunywa. Fyuzi alileta mkeka wa mpira na chuma cha kushikilia, akakifunga kwa skrubu nyingi kuliko zilizohitajika. Mwishowe aliacha kazi za ngazi kwa sababu ya goti, akabaki na za mezani, kutengeneza redio na pasi za watu. Hajaacha kuchomoa. Wifi alijifunza kuisafisha mashine na ndiye alikuwa akija kuifanyia, mashine ikinyamaza anaimba mpaka iendelee. Kinyozi alihamia mtaa mwingine, duka lake sasa linauza simu. Baharia alioa bandari ya mbali, ana watoto ambao Bi Mkasi aliwaona kwa picha, na mmoja kwa macho. Bi Mkasi alikaa kwenye chumba kile miaka mingine sita. Hakuanguka tena bafuni. Alifariki mchana kwenye kiti cha kushonea, suruali ya mteja mapajani, pindo moja limekwisha na moja bado. Pindo lililobaki alilimaliza Wifi. Mashine iko nyumbani kwa Fyuzi. Taa nyekundu ikiwaka anamwita mkewe, kisha anatoka nje, anasimama uani mikono mfukoni mpaka aitwe.